Kioo cha Upande wa Tunu

Dada wawili wa familia ile walipewa majina ya utani na baba yao, na hadi leo majina yao ya kweli wanayajua makarani tu. Mdogo aliitwa Tunu, kwa sababu alizaliwa miaka saba baada ya mwenzake, watu wakiwa wameshakata tamaa. Mkubwa aliitwa Shoto, kwa sababu alitumia mkono wa kushoto. Ndiyo hivyo. Mmoja aliitwa kwa thamani yake, mwingine kwa kasoro yake, na ukimuuliza Shoto mambo yalianza kwenda kombo lini, atakuambia yalianza hapo.

Asubuhi hiyo alikuwa karakanani kwake, anafagia chenga za vioo chini ya meza, aliposikia gari linakuja. Alilitambua kabla hajaliona. Lilikuwa gari la zamani, la enzi ambazo vioo vya gari vilikuwa bapa kama vya kabati, hata fundi wa madirisha ya nyumba aliweza kujikatia mwenyewe. Baba yake alikuwa fundi wa namna hiyo, na vioo vyote vya milango alivikata yeye. Ukweli usemwe: alivikata vibaya. Kila kimoja kilipungua kidogo sana, upana wa uzi tu, lakini barabara ikichakaa kidogo vilianza kugonga milangoni kama meno ya mtu mwenye homa. Vyote isipokuwa kimoja.

Marehemu mama yao alikuwa akiliita gari lile "mke mwenzangu". Baba akirudi nalo alilifuta vumbi kwanza, ndipo akaingia ndani kumsalimu mkewe. Na mwaka jana, macho yalipozibwa na ukungu mpaka akabaki anaona mwanga na vivuli tu, Baba aliwaita binti zake wawili, akatoa ufunguo mfukoni, akaupapasa weee, kisha akasema, "Gari nampa Tunu." Shoto alikuwa amekaa pembeni yake kabisa. Alikuwa amekata vioo na mzee yule miaka thelathini, vidole vyake vina makovu yasiyohesabika, wakati Tunu hajawahi kushika hata kitambaa cha kufutia. Shoto alicheka siku ile, akampongeza mdogo wake, akaenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Sasa gari hilo hapo, linazimwa mlangoni, na Tunu anashuka, miwani ya jua kichwani, kiatu kinang'aa kuliko gari lenyewe.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba."

"Shikamoo, Baba."

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Shoto humleta hapo kila asubuhi, kwa sababu akibaki nyumbani anagombana na redio. "Marahaba, mwanangu," alisema. "Limeamkaje?" Gari ndilo aliloliulizia. Shoto alifagia kwa nguvu zaidi.

"Limeamka na kelele zake," alisema Tunu. "Dada, nimechoka. Nataka unibadilishie vioo vya milango. Cha dereva, na vile viwili vya nyuma. Kile cha upande wangu usikiguse."

"Upande wako upi? Si wewe ndiye dereva siku hizi?"

"Dada, unajua ninachosema."

Alijua. Nani asingejua? Hadithi ile ilikuwa inasimuliwa kila mgeni alipokuja. Tunu ana miaka sita, jiwe likaruka kutoka kwenye gurudumu la lori likavunja dirisha la mbele, upande wa abiria, pale anapokaa yeye kwenye mapaja ya mama. Upepo ukamwingia, akakohoa wiki nzima. Baba akajifungia karakanani siku mbili, na siku ya tatu, Shoto akiwa shuleni, akakipachika kioo kipya. Kikapanda na kushuka kimya. Miaka yote hakikugonga hata mara moja. Tena chini pembeni kilikuwa na kitone cha hewa, kidogo kama punje ya mtama, na Tunu akawatangazia watoto wa mtaa mzima kwamba baba yake amemwekea lulu. Baba hakukanusha.

Shoto alikuwa anakaa kiti cha nyuma, sikio lake karibu na kioo kinachogonga, anatazama kisogo cha mdogo wake kilivyoegemea kioo kisichogonga. Miaka thelathini na minne imepita. Sasa ni mtu mzima, ana karakana yake, wateja wanapanga foleni, lakini akikumbuka kisogo kile roho inamuuma vilevile.

"Kile nacho ni kioo kikavu," alisema. "Vyote ni vikavu. Ukipata ajali vinageuka visu. Siku hizi tunaweka chenye nailoni katikati, kikivunjika kinashikana."

"Dada, kile Baba alinikatia kwa mkono wake. Kiache kama kilivyo. Nitarudi saa kumi."

Akambusu Baba kwenye paji la uso, akaondoka, na harufu ya manukato yake ikabaki karakanani nusu saa nzima kama mgeni asiyeaga.

Shoto aliingia kazini. Kusema kweli, mwanamke yule akishika kazi hata wivu hukaa pembeni ukimsubiri. Alifungua mkono wa kuzungushia kioo, akabandua ubao wa ndani wa mlango wa dereva, akakishusha kioo, akakichomoa kutoka kwenye mfereji wake na kukilaza juu ya meza iliyotandikwa blanketi. Akachora umbo lake kwenye karatasi ngumu, akaongeza ule upana wa uzi ambao Baba siku zote aliusahau. Kisha akachukua almasi yake, ndivyo mafundi wanavyokiita kile kikata kioo chenye kigurudumu kidogo, akaichovya kwenye mafuta ya taa, akavuta mstari mmoja tu kwenye kioo kipya. Mstari haurudiwi. Ukiurudia umeharibu kioo na umeharibu almasi.

"Hapo kwenye kona umekaza," alisema Baba kutoka kitini.

Hakuwa anaona kitu, lakini sauti ya almasi aliisoma kama barua.  Kwa miaka thelathini Shoto alikuwa anasubiri asikie kitu kingine kutoka kinywani kwa mzee yule, na kitu kizuri kuliko vyote alichowahi kusikia kilikuwa "weka pale". Ukimpelekea kioo ambacho fundi mwingine angewaita rafiki zake waje kukitazama, atakishika, atakigeuza, atasema, "Weka pale." Basi.

Aligeuza kioo akakata upande wa pili, akagonga taratibu chini ya mstari mpaka ufa ukatembea. Akamwaga spiriti kwenye ufa, akawasha kiberiti, moto wa bluu ukakimbia kwenye mstari na kuilainisha nailoni, akapitisha wembe. Akasugua kingo kwa jiwe na maji. Kioo kikaingia mlangoni, kikapanda, kikashuka, kikatulia. Vya nyuma alivimaliza kabla jua halijafika utosini. Milango mitatu sasa ilikuwa kimya, na vioo vitatu vya zamani vilikuwa vimeegemezwa ukutani.

Alikula, akampakulia Baba, wakala bila maneno mengi. Kisha akawa hana la kufanya ila kutazama mlango wa nne.

Kioo kile kilikuwa kimekaa pale kinamtazama, chenye ukijani kidogo, safi kwa umri wake, na lulu yake ya uongo pembeni. Shoto alilizunguka gari mara mbili. Akajiambia kwamba jambo lenyewe ni usalama. Je, lori likitupa jiwe tena? Fundi gani anayejiheshimu anaacha milango mitatu ina kioo salama na wa nne una visu? Alijieleza hivyo kwa ufasaha, na neno lenyewe lilikuwa la kweli, ndiyo maana lilimfaa sana. Wivu ukipata joho la haki huwa hauvuliki.

"Baba," alisema, "na hiki cha upande wa Tunu nakitoa. Ni kikavu."

"Kile kiache."

"Ni hatari."

"Nimesema kiache, Shoto. Kile kimekaa."

Kimekaa! Neno hilo lilimpanda kichwani. Vioo vingapi alivyokata yeye vimekaa, madukani, mahospitalini, kwenye nyumba za watu, na mzee huyu hajawahi kusema hivyo hata kwa kimoja? Lakini kioo alichomkatia Tunu, hicho kimekaa.

Alichukua bisibisi. Alikitoa kwa uangalifu, kwa sababu mikono yake haijui kufanya vinginevyo, akakilaza juu ya blanketi. Na hapo, msomaji, asikudanganye mtu kwamba kiliponyoka. Angekiacha kizima, Tunu angedai kirudishwe. Kwa hiyo alichovya almasi kwenye mafuta ya taa, akavuta mstari mmoja katikati kutoka juu hadi chini, akaweka kijiti chini ya mstari, akabonyeza. Kilitoa mlio mmoja mfupi. Fundi hapondi kioo kwa nyundo hata akiwa na hasira.

Kwenye kiti, Baba aliinua kichwa. "Hicho si kipya," alisema.

 Na ndani ya moyo wa Shoto, usimhukumu upesi, mlikuwa na raha kidogo.

Raha haikudumu. Ili apate umbo la kioo kipya ilibidi aunganishe vile vipande viwili, na ili avichore sawasawa ilibidi kwanza aondoe uchafu wa kingoni, ule mweusi wa kitambaa cha manyoya kilichooza ndani ya mfereji miaka yote ile. Akachukua wembe, akaanza kukwangua. Uchafu ukatoka kwa vipande, na kingo ikaonekana.

Alipitisha kidole gumba. Akasimama. Akapitisha tena.

Kila fundi anaposugua kingo kwa jiwe, mikwaruzo hulala upande mmoja, kufuata mkono wake. Mikwaruzo ya Baba hulala kulia. Alikuwa ametoka kuiona asubuhi hiyo hiyo kwenye vioo vitatu vile pale ukutani. Hii ilikuwa imelala kushoto.

Aliinama akakitazama kile kitone cha hewa, na mara akakumbuka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba alimpa vipande vibovu vya kujifunzia, vyenye mapovu na mawimbi, ambavyo visingeuzika, na sampuli ya karatasi ya dirisha la gari. Kata, alimwambia. Alikata vinne. Cha nne alikisugua mpaka vidole vikatoka damu, akampelekea, na Baba akakishika, akakigeuza, akasema, "Weka pale." Kesho yake Baba akajifungia karakanani. Mlango ulipofunguliwa vipande vyake havikuwepo, akadhani vimetupwa kwenye pipa la chenga.

Alijikuta amekaa chini sakafuni, nusu ya kioo mapajani.

"Baba. Kioo hiki ulikikata wewe?"

Mzee aligeuzia sikio upande wa sakafuni.

"Umekivunja?" aliuliza.

"Nimekivunja."

"Lete hapa."

Alimpelekea nusu ile. Baba aliipapasa kingoni kwa kidole gumba, taratibu, na mtu angedhani anapapasa uso wa mtoto aliyelala. "Siku mbili nilijifungia karakanani," alisema. "Nilikata sita. Kila nikikipachika, kinagonga. Asubuhi ya tatu nikachukua kile chako, nifanye mzaha tu. Kikaingia. Kikakaa."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kitoto cha kike cha miaka kumi na mitatu, mkono wa kushoto, kipande kibovu chenye povu, kimenishinda mimi. Mimi niliyekuwa naitwa fundi na mji mzima."  "Nilikuonea wivu, Shoto. Nilidhani utapita, maana wewe ni mwanangu. Haukupita. Kila ulichoniletea nilikishika nikitafuta kosa, na nisipoliona ndipo nilipokasirika zaidi."

Shoto alifungua mdomo, lakini mzee hakuwa amemaliza.

"Na gari. Unadhani sikukusikia ukiosha vyombo siku ile? Ningekupa wewe, kesho yake ungefungua milango yote urekebishe vioo. Ungekiona. Tunu hawezi kufungua hata kopo la rangi. Nikaona kwake kitalala salama."

Hivyo ndivyo alivyosema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Na Shoto, ambaye tangu utotoni alikuwa akitamani mapenzi yaliyokuwa kwenye kioo kile, aligundua kwamba miaka yote alikuwa anakionea wivu kioo alichokikata mwenyewe, na kwamba ushahidi pekee duniani kwamba alikuwa anaweza ameukata vipande viwili nusu saa iliyopita. Alitaka kulia, alitaka kucheka, alitaka kumtingisha mzee yule mabega. Akatazama saa ya ukutani. Saa tisa na nusu. Mlango ulikuwa wazi na hauna kioo, na Tunu alikuwa njiani.

Akakata kipya. Alipofika kwenye kusugua aliegemea jiwe kuliko ilivyohitajika, akiwa na mambo yake kichwani. Akakipachika. Baba alikuwa ameitia ile nusu ya kioo chini ya koti lake na kuikumbatia kama mtu mwenye baridi.

Tunu alifika saa kumi kamili, akazunguka gari, akasifu. Alipofika mlango wa nne akainama, akaweka kidole pale lulu inapokaa. Hakukuwa na kitu.

"Dada. Kiko wapi kioo changu?"

"Nimekivunja."

"Kimekuponyoka?"

"Hapana. Nimekivunja."

Tunu alimtazama kana kwamba anamwona mara ya kwanza, kisha macho yakamjaa machozi. "Una wivu," alisema. "Tangu zamani una wivu na mimi. Kitu kimoja, kimoja tu, ambacho Baba alinifanyia kwa mkono wake."

Ukweli ulikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Shoto. Neno moja tu lingetosha, na deni la miaka thelathini na minne lingelipwa lote hapo hapo. Shoto alimtazama Baba. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, na mkono wake ulikuwa umeshika koti kwa nguvu. Shoto akameza lile neno, likamkwaruza koo zima.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuwa na wivu. Nisamehe, mdogo wangu."

Tunu hakusamehe. Aliingia, akapiga mlango, akawasha gari, akaondoka. Na lilipofika kwenye mashimo ya barabara, hatua ishirini tu kutoka karakanani, likasikika. Tak, tak, tak. Upande wa abiria, mbele.

"Kinagonga," alisema Baba.

Shoto aligeuka akamwona. Mungu amsamehe mzee yule, uso wake ulikuwa na furaha. Ndogo, ya haraka, aliyojaribu kuificha, lakini ilikuwepo, na Shoto aliijua vizuri sana. Mchana ule ule alikuwa ameihisi kifuani mwake, kioo kilipotoa mlio mfupi. Hapo ndipo alipomwona baba yake mzima mzima, na akajiona mwenyewe akiwa na umri wake, amekaa kwenye kiti kile, akisikiliza makosa ya watu.

Akatoka mbio. "Tunu! Tunu, simama! Rudi!"

Gari likasimama. Likarudi kinyumenyume, tak, tak, mpaka mlangoni. Tunu akateremsha kioo cha dereva, uso umevimba. "Nini tena?"

"Hicho kinagonga. Nimekisugua vibaya. Shuka, nikukatie kingine."

"Sitaki kingine. Nilitaka kile. Utanikatia wewe kama alichonikatia Baba?"

 Shoto alikuwa ameshameza mara moja leo, na hakuwa na nguvu ya kumeza mara ya pili, lakini kusema pia hakusema. Alisimama tu, mikono imelowa mafuta ya taa.

Nyuma yake kiti kililia. Baba alikuwa anasimama. Alikuja akipapasa meza, akipapasa ukuta, mpaka akalishika gari, akalifuata bati lake kwa kiganja hadi dirishani. Akatoa ile nusu ya kioo chini ya koti akampa Tunu.

"Pitisha kidole hapo kingoni," alisema.

Tunu akapitisha. "Nimepitisha."

"Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, Baba. Ni kioo."

"Ni mkono wa kushoto huo," alisema Baba. "Mimi sikukata kile. Alikikata Shoto, akiwa mdogo hivi. Changu kilikuwa kinagonga." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Vyangu vyote vilikuwa vinagonga."

Tunu alipitisha kidole tena, na tena, akiwa amekunja uso kwa bidii, lakini hakuna alichokipata. Akamtazama dada yake, akamtazama baba yake, watu wawili pekee walioweza kuusoma ukingo ule, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akawa yeye ndiye aliyebaki nje ya mlango. Akazima gari, akashuka.

Shoto akarudi mezani. Akatandaza blanketi, akalaza kioo kipya, akaichovya almasi kwenye mafuta ya taa. Akaishika kwa mkono wa kushoto.

"Subiri," alisema Baba. "Usianze kwanza. Nisogezeeni kiti changu pale mezani, nisikie vizuri."